STI ya mkononi kwenye baridi ya Makete

Ukisimama njia panda ya Makambako asubuhi, magari ya IT hayakosi kupita. Yametoka bandari ya Dar es Salaam, yamebandikwa karatasi kwenye vioo vya mbele, yanakwenda Tunduma na Kasumulu, na kutoka hapo Zambia, Malawi au Kongo. Mengi ni ya kawaida, ya kubebea familia na mizigo midogo. Mara moja moja hupita lile linalowageuza shingo vijana wa bodaboda: Subaru Impreza ya buluu yenye tundu la hewa juu ya boneti na spoila kubwa juu ya buti, mlio wake ukitangulia kufika.

Gari la namna hiyo sasa linanunuliwa huku kwetu, halipiti tu kwenda kwa watu wengine. Mbao, viazi, chai na katika miaka ya karibuni parachichi vimewapa vijana wengi wa Njombe na Makete fedha ya kununua gari wanalolitaka badala ya lile linalopatikana. Lami nayo imefika Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, kilomita 107 kutoka Njombe kupitia Moronga na Ndulamo, njia ambayo zamani masika yaliweza kuwalaza watu porini. Barabara imekuja na kona zake na miinuko yake, na kijana mwenye fedha ya mbao akiipita kwa mara ya kwanza huanza kuota gari la kuipita nalo.

Sina neno na ndoto hiyo. Kinachonisumbua ni namna gari lenyewe linavyochaguliwa. Mnunuzi hufika kwa muuzaji saa sita mchana, hukuta gari limekwisha kuwashwa, injini ina moto, limeoshwa mpaka chini ya boneti. Hupewa ufunguo, hukanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka, tabo inaingia, mgongo unagandamana na kiti, na hapo hapo akili yote inahama. Ameonja mwendo, na mwendo ndio kitu pekee ambacho gari hilo, liwe bovu au zima, lingemwonjesha kwa usawa. Injini inayokaribia kufa inaweza kukimbia vizuri sana kwa dakika kumi. Kitu kinachotofautisha gari zima na kaburi la fedha ni maisha liliyoyaishi kabla ya siku hiyo, na maisha hayo yanaweza kusomeka, hasa katika nchi ya baridi na milima kama hii, kwa mtu aliye tayari kusubiri usiku mmoja.

Nitasema zaidi juu ya Subaru Impreza WRX STI kwa sababu ndilo gari la kasi ambalo Mtanzania wa kawaida mwenye biashara inayokwenda anaweza kulifikia, na ndilo linalotamaniwa zaidi. Mapenzi hayo yana asili yake. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa vizazi vyote tangu hapo watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuona kwa macho yao gari lipi linavumilia vumbi na tope. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia. Baba aliyeshuhudia hayo amemsimulia mwanawe, na mwana leo ana fedha. Lakini hapo kuna jambo ambalo simulizi huliacha. Gari la rali hufunguliwa na kukaguliwa na kundi la mafundi kila jioni ya mashindano. Lile la mkononi linaweza kuwa limepita kwa wenyewe watatu wenye kupenda kasi, na hakuna hata mmoja aliyelala chini yake kuangalia.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba STI unayouziwa ni STI. Nembo ya rangi ya waridi, spoila na rimu za dhahabu vinauzwa madukani, na fundi bodi mzuri anaweza kuigeuza WRX ya kawaida, au hata Impreza isiyo na tabo, ikapendeza machoni kuliko STI yenyewe. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, kisha linganisha na kibati cha modeli. Kwa magari ya Japani ya toleo la 2000 hadi 2007, GDA ni WRX yenye gia tano, na GDB ndiyo STI yenye gia sita. Ya kabla yake ni GC8, iliyofuata yenye mkia mfupi ni GRB, na ya mwisho ni VAB. Tofauti ya GDA na GDB si ya jina tu. Gia boksi ya gia sita ya STI ni ngumu kweli kweli, na ile ya gia tano ikiunganishwa na injini iliyoongezwa nguvu huvunjika meno. Anayekuuzia GDA kwa bei ya GDB anakuuzia pia gia boksi ambayo huenda ukalazimika kuinunua tena.

Baada ya namba, karatasi za Japani. Magari mengi ya namna hii yalinunuliwa kwenye minada ya huko, na kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi yenye alama. Alama 4 au 4.5 ni gari safi kwa umri wake, 3.5 lina makovu ya kawaida, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Alama 1 mara nyingi hupewa gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa, au lililopata maji. Mchoro wa bodi kwenye karatasi hiyo huandikwa herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Muuzaji akisema karatasi ilipotea, si lazima awe mwongo, kwa maana gari lililoingia nchini miaka kumi iliyopita limekwisha kupoteza karatasi nyingi. Uliza basi cheti cha kulisafirisha nje ya Japani, ambacho huandikwa kilomita. Gari lililoondoka Japani na kilomita 140,000 haliwezi kuwa Makambako na kilomita 96,000. Kurudisha kilomita ni kazi ya nusu saa, lakini mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani na pembe ya kiti cha dereva upande wa mlango havirudi nyuma. Kama dashibodi inasema 90,000 na pedali imelika mpaka chuma, iamini pedali.

Japani yenyewe si nchi moja kwa gari. Kaskazini, Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Gari linaweza kung'aa juu likawa limeoza kwenye kingo za ndani za matao ya tairi na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa. Kuna pia magari ya mafuriko. Kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 kiliingiza maji kwenye magari mengi sana, na si yote yaliyokwenda kusagwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama una mstari wa tope. Inua zulia, angalia bolti za viti. Bolti zenye kutu ndani ya gari ambalo bodi yake haina kutu zinakueleza kwamba maji yaliingia.

Sasa niingie kwenye lile ambalo mtu wa Makete au Njombe analo, na mtu wa Dar es Salaam hana: baridi. Iwawa iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake zinauma. Mwombe muuzaji, au mlipe gharama, gari lilale nje usiku mmoja, na ufunguo uwe kwako au boneti ifungwe mbele yako. Saa kumi na mbili asubuhi gusa injini kwa kiganja. Ikiwa na vuguvugu, mtu ameamka kabla yako, na hapo mazungumzo yamekwisha. Ikiwa baridi kama jiwe, chomoa kijiti cha oili kwanza, angalia kiwango na rangi, kisha washa bila kukanyaga mafuta, dirisha likiwa wazi, redio imezimwa.

Injini ya STI ya Japani, EJ20, ina silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, na mlio wa kuguruma wa matoleo yake ya zamani unatokana na namna hewa chafu inavyotoka kwa mipigo isiyolingana. Usichanganye mngurumo huo wa kawaida na ugonjwa. Asubuhi ya baridi pistoni zake zinaweza kugonga kidogo kwa sababu hazijapanuka. Mlio huo ukififia kadiri injini inavyopata joto, uvumilie. Unaopaswa kukuogopesha ni ule unaofanya kinyume, usiosikika sana baridini lakini unakua kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi, mgongano wa chuma kwa chuma, mzito, unaofuata mzunguko wa injini ukikanyaga na kuachia. Hizo ni beringi za konrodi. Injini hizi zinajulikana kwa ugonjwa huo pale oili ilipoachwa ipungue, au gari lilipokatishwa kona kwa nguvu oili ikiwa chini. Hakuna punguzo la bei linaloufidia. Shukuru, ondoka.

Moshi nao usomwe kwa akili ya mahali. Alfajiri ya Makete kila bomba hutoa mvuke mweupe, na hata pikipiki mpya hufanya hivyo. Mvuke wa baridi hupotea hewani upesi na hauna harufu. Moshi mweupe unaoning'inia, wenye harufu tamu, unaoendelea hata gari likiwa limepata joto, ni maji ya rejeta yanayoungua, na gasketi ya silinda hedi imefika mwisho. Wa buluu wakati wa kuwasha tu ni oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za valvu. Mweusi ni petroli iliyozidi, na kwenye magari haya mara nyingi ni matokeo ya kuchezewa. Hata ile rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, ambayo mafundi wengi huihukumu papo hapo kuwa gasketi, huku juu inahitaji subira. Gari linalotembea safari fupi za mjini katika baridi hukusanya unyevu, na unyevu ukikutana na oili hufanya utando huo. Safisha, endesha saa nzima, angalia tena, na uangalie kijiti pia. Maziwa kwenye kijiti hayana utetezi.

Urefu wa mlima unaleta jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha na wanaouza na kununua. Katika mita 2,200 hewa imepungua mgandamizo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na ufukweni Dar es Salaam. Kwa hiyo fundi akipima kompresheni ya injini Makete, kila silinda itasoma chini kuliko ilivyosoma pwani, hata kama injini ni nzima kabisa. Nimesikia watu wakikataa gari zuri kwa sababu geji ilionyesha namba ndogo kuliko ile ya kitabu, na wengine wakikubali bovu kwa kuwa namba moja ilikuwa kubwa. Kinachotafutwa ni ulinganifu. Silinda nne zikisoma karibu sawa, hata zikiwa zote chini kidogo, injini inapumua vizuri. Moja ikishuka zaidi ya asilimia kumi chini ya wenzake, huenda ringi au kingo za pistoni zimevunjika, na huo ni ugonjwa mwingine maarufu wa EJ, hasa kwa gari lililoongezewa msukumo wa tabo bila petroli ya kuistahili. STI ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, inayofika karibu oktani 100. Mtu aliyeongeza msukumo hapa na kumimina petroli ya kituo chochote alichokutana nacho amekuwa akiipiga pistoni nyundo kila anapokanyaga.

Maji nayo. Pwani maji huchemka nyuzi 100, huku Iwawa huchemka karibu na nyuzi 93, na injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, kifaa kidogo cha bei rahisi ambacho watu hukibadilisha kwa chochote kinachoingia. Mfuniko uliochoka unaweza kuficha ubovu wake Dar es Salaam kwa miezi, kisha ukakuumbua kwenye mlima wa Kitonga au ukipandisha kuelekea Kipengere. Ndiyo maana gari lililonunuliwa pwani na kuletwa nyumbani kwa kuendeshwa, zaidi ya kilomita 600 mpaka Makambako, huwa linafanyiwa mtihani wake wa kweli wakati fedha imekwisha kulipwa. Afadhali ulipe fundi wa Dar akague kwa siku nzima, na ukiweza umpe sharti la kulipandisha Kitonga, kuliko kuokoa nauli yake.

Tabo hufidia hewa nyepesi kwa kuzunguka kasi zaidi. Hilo ni jema kwa dereva, kwa kuwa gari lisilo na tabo hupoteza nguvu waziwazi likifika huku na lenye tabo hupoteza kidogo. Lakini tabo iliyochoka hapa huchoka zaidi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, vua bomba la hewa, shika shafti ya tabo kwa vidole uitikise. Kucheza kidogo sana ubavuni ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma, au pangaboi kugusa ukuta wake, ni tabo nyingine. Oili nyepesi ndani ya bomba la intakula isikutishe, iliyotuama ikutishe.

Sipendi magari yaliyochezewa, na hapa nasema kama mtu anayejali wanunuzi, si kama adui wa vijana. Bomba kubwa la moshi, vali ya kupumulia inayopiga mluzi kila unapobadili gia, kompyuta iliyoandikwa upya ili gari litoe milipuko nyuma: kila kimoja kimefanywa na mtu, na mtu huyo ndiye unayemnunua. Kwenye Subaru nyingi hewa hupimwa kabla ya tabo, kwa hiyo vali inayoitupa nje badala ya kuirudisha ndani huifanya kompyuta itoe petroli kwa hewa ambayo haipo tena. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda. Mluzi ule ambao kijana anaulipia una bei nyingine inayolipwa polepole ndani. Gari likiwa limechezewa kwa kiwango cha juu na mtu mwenye kumbukumbu, risiti na jina la fundi aliyelipanga, nitalisikiliza. Bila hayo, la kiwandani lenye nguvu pungufu ni bora, hata likigharimu zaidi. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kuanzia 1989 hadi 2004 wasitangaze gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280, na hizo 280, kwa barabara ya Makete yenye ukungu, ni nyingi kuliko mahali pa kuzitumia.

Sasa tairi. Gari lenye kuendeshwa na magurudumu manne kama STI linataka tairi nne za saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Sisi tuna tabia ya kununua tairi mbili pale mbili zinapokwisha, mara nyingi za mkononi. Kwenye gari la kawaida utasalimika. Kwenye STI, tairi za mbele zikiwa ndogo kidogo kuliko za nyuma, difu ya katikati inalazimika kufanya kazi kila sekunde ambayo gari linatembea, mpaka inaungua. Ukiona STI imevaa chapa tatu za tairi, umeona jinsi mwenyewe alivyoitunza sehemu ambazo hazionekani. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mgumu wa zamani kwenye lami yenye umande hauna tofauti kubwa na sabuni. Kisha tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Gari likikwama na kuachia, kana kwamba breki zinashikwa, difu ya katikati inalalamika, isipokuwa kama swichi yake imefungwa kwa makusudi.

Safari ya majaribio isiwe ya kukimbia. Kutoka Njombe hadi Moronga na kurudi panatosha, kwa kuwa mnapanda, mnashuka, mna kona. Mpandisho mrefu ukanyagwe kwa gia ya nne kutoka mwendo mdogo: klachi iliyochoka itaruhusu injini ipande mzunguko huku gari halipandi. Kwenye mteremko mrefu achia mafuta, acha gia ishike gari, kisha mwisho wa mteremko kanyaga na utazame kioo cha nyuma. Wingu la buluu hapo ni oili iliyonyonywa kupitia valvu au sili za tabo, na halionekani kwenye barabara tambarare ya muuzaji. Breki za STI nyingi ni za Brembo, nzuri mno, na diski na pedi zake halisi ni ghali. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, diski zimepinda. Mkifika, mwache muuzaji azungumze na simu yake, wewe fungua boneti unuse, lala chini uangalie. Gari lenye moto huvujisha kile ambacho baridi imekificha.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari itumike pia, na fundi aangalie kama kumbukumbu za makosa zimefutwa siku hizo hizo. Taa ya injini isiyowaka kabisa hata unapofungua swichi kabla ya kuwasha imetolewa au imezibwa.

Upande wa serikali nitapita haraka kwa sababu mambo yake yanajulikana ingawa hayafanywi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Injini za STI hubadilishwa sana, na iliyotoka kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, bila kuandikishwa itakuletea maswali wewe, si aliyeifunga. Namba ya usajili itazamwe kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani na kwenye deni la maegesho la TARURA, kwa maana gari la kasi huwa na faini zake. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mkataba uandikwe kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Anayetaka kuagiza mwenyewe Japani akumbuke kwamba gari lililozidi miaka kumi linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na GDB zote zimezidi hapo kwa mbali. Wamarekani nao sheria yao inawaruhusu kuingiza gari la nje likifika miaka 25, kwa hiyo GC8 nzuri tunazigombania na watu wenye dola. Ukiona moja inauzwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini dunia nzima imeiacha ikufikie wewe.

Baada ya yote hayo makosa yaliyoonekana yagawanywe. Rangi, shokapu, bushi, mfuniko wa rejeta, tairi, hata diski za breki: hayo yana bei, na bei yake itolewe kwenye bei ya gari. Mlio wa beringi, silinda isiyolingana, chesisi iliyochomelewa mbele, namba zisizosomeka: hayo hayana bei. Muuzaji wa kweli akisikia orodha iliyopangwa hivyo hukasirika kidogo kisha hukaa chini.

Kisha kuna fedha ambayo wengi huisahau. STI ikishakuwa yako, wiki ya kwanza mwaga oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, badilisha maji ya rejeta, na ufunge belti ya taiming mpya pamoja na puli zake na pampu ya maji, hata muuzaji akiapa kwamba ilifungwa juzi, kwa kuwa belti ikikatika kwenye injini hii valvu hukutana na pistoni. Oili uitazame kila unapojaza petroli. Petroli yenyewe, kwa mguu wa kijana, hesabu kilomita saba au nane kwa lita. Fedha ya kazi hizo itengwe kabla hamjapatana bei. Kama haipo, Altezza nzima isiyo na tabo, yenye nguvu farasi 210 kwenye toleo lake la gia sita, ina furaha ya kutosha kwa kona zote za kutoka Njombe mpaka Iwawa, na fundi anayeijua injini yake si wa kutafutwa Dar es Salaam.